Mafuta ya Mikanda ya Kasyoka

Usiku ule sikulala kwa sababu ya vipande vitatu vya ngozi ya ng'ombe, kila kimoja kidogo kuliko kiberiti. Vilikuwa vimefungwa kwa kitambaa kwenye mkono wa binti yangu Kasyoka, upande wa ndani, pale mwili ulipo laini. Kila kimoja kilikuwa kimepakwa mafuta ya aina yake. Fundi Ndululu alituambia tusifungue mpaka kupambazuke, kwamba mkono wenyewe ndio utakaotupa habari.

Niliinuka mara nne, nikamsogezea taa.

"Kasyoka, kunawasha?"

"Mwaitu," akaniita mama kwa Kikamba chetu, "kinachoniwasha ni hiyo taa."

Nilirudi kitandani nikakaa nikiwa macho, nikijiuliza ni kitambaa gani kitakuwa na wekundu chini yake. Nilikuwa na woga, lakini pia, niseme ukweli, nilitamani sana kujua.

Kasyoka alishikwa na polio akiwa na miaka miwili, mguu wa kushoto. Nilimbeba mgongoni kwenda shule mpaka darasa la tatu, ndipo hospitali ya misheni ikampa vyuma. Ni kiatu kizito chenye vyuma viwili vinavyopanda kando ya mguu, na vinashikwa na ngozi sehemu tatu: mkanda wa chini ya goti, mkanda wa goti lenyewe, na ule mpana wa paja. Mkanda wa goti ndio unaozuia mguu usijikunje. Ukilegea huo, mtoto anaanguka. Ukikauka, unamkata.

Mwaka huo wa 1976 alikuwa darasa la saba. Siku ya kwanza ya mtihani alinyeshewa njiani akitoka shule, vyuma vikalowa kabisa. Mimi nikavitundika juu ya moto jikoni, vile ninavyokausha kila kitu kuanzia sweta mpaka kuni. Asubuhi ngozi ilikuwa imekauka kama ubao. Kasyoka akavaa hivyo hivyo, hakusema neno kwa sababu ya mtihani. Alipovua siku ya mwisho, soksi ilikuwa imeshikana na kidonda.

Fundi wa vyuma alikuwa akija pale misheni mara mbili kwa mwaka, na zamu yake iliyofuata ilikuwa Aprili. Kidato cha kwanza kingeanza Februari. Mtoto asiyeweza kuvaa vyuma angerudi mgongoni mwangu, na sikujua shule ya bweni itakayompokea msichana wa miaka kumi na nne anayefika akiwa amebebwa na mamake. Hilo ndilo lililokuwa likinizungukia kichwani mchana na usiku.

Nilijaribu mafuta ya kujipaka. Ngozi ikang'aa juu, ndani ikabaki ngumu vile vile. Jirani yangu mmoja akanishauri oili chafu, ile inayomwagwa gari likibadilishwa mafuta. Kwetu kila mtu anapaka oili hiyo kwenye nguzo za nyumba ili mchwa wasile, na nguzo zinakaa miaka. Nikaona ni maneno ya maana. Nikaenda soko la Mukuyuni siku ya soko, nikapata oili nusu mkebe, na nikiwa nimebeba vyuma kwenye kiondo nikapita mbele ya kinu cha kusagia mahindi. Pale barazani ndipo alipokaa Ndululu, fundi wa viatu. Nilitaka tu anitobolee mkanda tundu moja.

Alikuwa mtu mfupi, wa miaka arobaini na kitu, mwenye vidole vyeusi vya rangi ya viatu. Alichukua vyuma, akavigeuza, akauliza:

"Hii imelishwa nini?"

"Haijalishwa kitu. Ni vyuma vya mtoto."

"Kila ngozi imelishwa kitu." Akaweka ulimi kwenye mkanda wa paja. Nilitaka kumnyang'anya kwa aibu. Akatema kando, akafikiri. "Chumvi. Hilo ni jasho la miaka mingi. Na moshi. Uliikausha motoni."

Hakuna aliyemwambia.

"Na huo mkebe una nini?"

"Oili."

"Ya nini?"

"Ya mikanda."

"Mama Kasyoka," akasema, maana alikuwa akinijua kwa jina hilo kutoka kanisani, "mtoto wako ameingiwa na mchwa?"

Wanaume wawili waliokuwa wakingoja viatu vyao walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilikasirika. Lakini Ndululu hakucheka. Aliinuka, akaingia ndani ya kinu, akatoka na ubao mrefu kuliko yeye, umejaa vumbi la unga.

Nimeuangalia ubao ule mara nyingi sana tangu siku hiyo. Siku hizi uko nyumbani kwa Mbula, mjane wake, umeegemezwa ukutani, na bado nikipita nasimama kuuangalia. Ulikuwa na vipande vya ngozi zaidi ya ishirini vimepigiliwa misumari kwa safu, kila kimoja upana wa vidole viwili. Chini ya kila kipande palikuwa na alama za ncha ya msumari, moja kwa kila mwaka.

"Kunja hiki," akaniambia.

Nikakikunja kile cheusi. Kikakatika mkononi mwangu kama mkate uliolala.

"Hiyo ni oili. Mwaka wa kwanza kilikuwa laini kuliko vyote. Nikadhani nimepata."

Nikamuuliza kile kilicholiwa pembeni ni cha nini. Cha samli, akasema, panya hawakukiacha hata wiki. Na kile chenye harufu? Mafuta ya kupikia, yaliyochacha. Na hiki kilichojaa vumbi? Hayo ni mafuta ya mbarika, mengi mno. Mbarika ni nzuri ila ukizidisha inabaki juu, inakusanya kila kitu cha njiani. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, na shuleni sikuwa mtu wa kuuliza. Siku hiyo niliuliza mpaka wale wenye viatu wakaondoka, wakasema watarudi.

Hivyo ndivyo nilivyojua maisha ya Ndululu, kipande kwa kipande cha ule ubao.

Alizaliwa hapo hapo juu ya Mukuyuni. Akiwa kijana aliandikwa kazi kwenye shamba la mifugo la Mzungu mmoja, kando ya barabara ya Mombasa. Kwanza alichota maji ya farasi, halafu akapewa kupangusa matandiko yao: viti vya ngozi na hatamu. Yule Mzungu alikuwa na mafuta ya ngozi ya kopo kutoka ng'ambo. Mwaka mmoja kopo liliisha na lingine likachelewa kwenye meli. Ndululu, akitaka kumfurahisha bosi, akapaka samli kwenye kiti cha farasi cha mke wa bosi. Samli nzuri, ya wafugaji Wasomali waliokuwa wakipitisha ngamia. Mwenyewe alisema kiti kiling'aa kama uso wa bibi harusi. Asubuhi ya tatu panya walikuwa wamekila mpaka kwenye nyasi za ndani.

Alifutwa kazi, akarudishwa baada ya mwezi kwa sababu aliyewekwa mahali pake aliogopa farasi. Kuanzia hapo akaanza ubao, ili ajifunze bila kuharibu kitu cha mtu. Shamba lilipouzwa baada ya Uhuru, wenzake walirudi nyumbani na blanketi, baiskeli, hata kitanda. Ndululu akarudi na sindano zake za kushonea ngozi, kopo moja la ng'ambo ambalo halikuwa limeisha, na ubao begani.

"Mbula aliniona kwa mbali," alinisimulia, "akafurahi, akadhani nimeleta mlango."

"Na ulipofika?"

"Alisema sawa, basi wewe ndiye utakayelala kwenye mlango."

Nilimuuliza sasa mafuta ya Kasyoka ni yapi. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Alishika ule mkanda wa goti muda mrefu.

"Ubao unajua ngozi," akasema. "Haujui mtoto. Farasi ana manyoya. Mguu wa mtoto hauna, na huu una kidonda. Kitu kizuri kwa mkanda kinaweza kumuunguza."

Alichagua vitu vitatu. Mafuta ya mbarika, yale ambayo mama zetu walitupaka tukiwa wadogo, yaliyokamuliwa nyumbani. Mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa pamoja na nta ya nyuki wa Kitui. Na lile kopo la ng'ambo, ambalo lilikuwa limebaki kidole kimoja chini. Alikuwa amelitunza miaka kumi na miwili. Alilifungua mbele yangu polepole, harufu yake kali ikanipanda puani, na akasema hilo ndilo litakaloshinda, ni la Wazungu wenyewe. Akapaka vipande vitatu, akanionyesha jinsi ya kuvifunga mkononi.

Ndio maana nilikuwa macho usiku ule.

Kulipopambazuka nilifungua kitambaa mwenyewe. Chini ya mbarika, hakuna kitu. Chini ya kondoo na nta, hakuna kitu. Chini ya kile cha kopo kulikuwa na mraba mwekundu wenye vipele, umechorwa vizuri kama umepimwa kwa rula.

"Huo ndio uliokuwa unawasha," Kasyoka akasema, "ila ningekwambia ungeamka tena."

Nilimpeleka kwa Ndululu akiwa mgongoni, na kwa umri wake hilo lilituumiza wote wawili. Fundi aliangalia ule mraba. Akaugusa kando kwa kidole, kwa upole. Kisha akafunika kopo lake, akalirudisha ndani ya kinu, na sikumsikia akilitaja tena.

Kazi yenyewe ilichukua siku kumi. Ningedhani mtu anapaka mafuta basi, lakini mafuta yalikuja mwisho. Kwanza alitoa chumvi. Alipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa, sabuni kidogo sana, akangoja, akaonja kwa ulimi, akapangusa tena. Siku ya tatu ndipo aliponiambia, "Sasa onja wewe." Nikaonja mbele ya watu wote wa kinu. Haikuwa na ladha.

Akaitundika kivulini, mahali penye upepo, siku mbili. Jua hapana, moto hapana. Ikiwa bado na unyevu wa mbali akaanza mbarika: tone moja kiganjani, anasugua viganja mpaka yapate joto, kisha anapaka kwa vidole kutoka upande wa nyuma, upande wenye nyuzi, maana huko ndiko ngozi inakonywea. Anaiacha usiku mmoja. Asubuhi anaikunja kidogo, kidogo sana, kama mtu anayemnyoosha mgonjwa mkono. Halafu tena. Kwenye mkanda mpana wa paja mbarika alitia mara moja tu, kisha akamalizia na nta na kondoo.

"Kwa nini huu hautaki mengi?"

"Huu kazi yake ni kushika. Ukilainika sana utashika nini?"

Nilisikia. Nilielewa. Ninasema hivyo kwa sababu ya nilichofanya baadaye.

Kufikia Krismasi kidonda kilikuwa kimefunga na Kasyoka alitembea mwenyewe kwenda kanisani. Ndululu alikuwa amenipa mbarika kwenye chupa ndogo ya dawa na maagizo: mara moja kwa mwezi, tone moja kwa kila mkanda, na kila jioni kupangusa jasho. Januari ikaleta matokeo, na wiki ya tatu ikaleta barua. Shule ya bweni ya wasichana, huko juu milima ya Kilungu, ilimwita. Chini ya barua mwalimu mkuu, Bi Muthoki, alikuwa ameongeza kwa mkono wake kwamba ameambiwa habari za mguu, kwamba shule yao ina ngazi nyingi na hakuna mtu wa kumbeba mwanafunzi, na kwamba atampokea akiona anajiweza.

Nilisoma mstari huo mpaka karatasi ikalegea. Akiona anajiweza. Na kama mikanda ikikauka tena wiki hiyo? Januari kwetu ni jua na vumbi, kila kitu kinapasuka, hata visigino. Usiku, Kasyoka akishalala, nikachukua chupa. Tone moja tu, nikajiambia. Usiku uliofuata tena. Nilipaka jinsi nilivyompaka yeye alipokuwa mchanga, baada ya kumwogesha, mpaka kila mkunjo. Ilinituliza. Mkanda wa goti ukawa laini kama sikio la mbuzi, na mimi nikafurahi.

Siku sita kabla ya kuripoti alianguka uani akibeba sufuria ya maji. Goti lilijikunja tu ndani ya vyuma. Alikaa chini, akavuta mkanda, ukavutika kama mpira.

"Mwaitu, umekuwa ukipaka?"

"Hapana," nikasema.

Aliniangalia. Alinyanyuka kwa kushika mti wa kamba ya nguo, na tukaenda Mukuyuni, yeye akiwa ameniegemea bega njia nzima.

Ndululu alishika mkanda kwa vidole viwili, ukaning'inia.

"Hii imelishwa nini?"

Kasyoka aliangalia chini. Ningeweza kusema joto, ningeweza kusema sijui. Chupa ilikuwa kwenye kiondo changu, imebaki tupu.

"Mbarika," nikasema. "Kila usiku. Ni mimi."

Nilingoja anitukane. Alikuna kidevu.

"Umeinenepesha," akasema. "Mimi nimejua kutia. Kutoa sijawahi."

Na mtu huyo, naapa, alikuwa na hamu usoni kama mtoto aliyepewa redio afungue. Aliingia kutafuta ubao. Alipigilia kipande kipya, akakilowesha mbarika makusudi, na hapo hapo akatuma aletewe udongo mkavu wa kichuguu. Akautwanga, akauchekecha kwa chekeche la kinu mpaka ukawa laini kama unga wenyewe. Mwenye kinu alimwambia atakula ugali wa kichuguu mwaka mzima. Ndululu akaifukia mikanda ndani ya udongo huo kwenye karai, akaliweka nyuma ya injini ya kinu, mahali penye vuguvugu lisilofika kuwa joto.

"Utafanya kazi?" nikauliza.

"Sijui. Kesho tutauliza."

Alibadilisha udongo asubuhi na jioni. Kila mara ulitoka mweusi zaidi ya tulivyotarajia, na kila mara aliupima kwa kuubana kiganjani. Siku ya nne ukatoka karibu na rangi yake. Mkanda wa paja ulikuwa umerudi kusimama. Wa goti ulirudi nusu tu. Kule kuvutika hakukuisha. Aliufupisha upande mmoja kwa upana wa vidole viwili, akaushona upya kwa uzi wa nta, akatoboa matundu mapya, akapitisha nta juu.

"Kwa sasa unashika," akasema. "Miezi mitatu ijayo itategemea anayeutunza."

Alijaza chupa tena. Nikanyoosha mkono. Akampa Kasyoka.

Bi Muthoki alikuwa mwanamke mrefu, miwani imefungwa kwa uzi. Ofisi yake ilikuwa chini, na bweni juu ya kilima, ngazi za mawe thelathini na mbili; nilizihesabu tukifika. Alimsalimia Kasyoka kwanza, mimi baadaye.

"Matroni atakupeleka juu. Utavua vyuma, utakaa kitandani, kisha utavaa mwenyewe ushuke mpaka hapa. Usiharakishe. Mama utabaki nami."

"Naweza kumshikia tu ule wa paja," nikasema, "huwa unajipinda nyuma."

"Mwaitu," Kasyoka akasema.

Nikakaa. Mlango wa ofisi ulifungwa nyuma yao, mlango wa mbao nene usio na kioo.

Alisogeza kiti chake mbele. Kisha Bi Muthoki akauliza, "Ile chupa aliyoshika ni dawa?"

"Ni mbarika. Ya mikanda."

"Mikanda inapakwa mbarika?"

"Mara moja kwa mwezi, tone moja. Ukizidisha inalegea." Nikamweleza chumvi ya jasho, na kitambaa kilichokamuliwa, na kwa nini kivulini. Nilimweleza hata udongo wa kichuguu, na kwamba kosa lilikuwa langu. Alivua miwani. Akauliza iwapo inafaa kwa kiatu cha kawaida, kwa sababu wasichana huweka viatu vyao karibu na jiko la mkaa wakati wa baridi na kufikia Agosti vyote vimepasuka. Nikamwambia kwanza aonje.

"Nionje kiatu?"

"Kwa ulimi. Kama kina chumvi au la."

Alitaka kucheka. Ndipo tukasikia chuma kwenye jiwe, juu kabisa.

Kinagonga, kinatulia, kinagonga. Nilikuwa nikihesabu bila kutaka. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kwenye kumi na tisa kikaacha. Niliinuka nusu, na Bi Muthoki akanitazama tu, nikarudi chini. Nilimwona kichwani ameanguka, nikauona mkanda umeachia. Kwa mbali, kupitia dirisha la juu lililokuwa wazi, nikasikia sauti ndogo niliyoijua, ya mkanda ukivutwa na kuingizwa kwenye tundu jingine, moja mbele.

Kisha kikagonga tena. Ishirini. Ishirini na moja.

Baada ya ngazi ya mwisho chuma kilibadilika sauti kwenye saruji ya baraza, kikaja mpaka mlangoni, kikasimama. Akabisha. Hakuna aliyeinuka. Kitasa kikazunguka nusu, kikarudi, kikazunguka tena, na mlango ukafunguka.